Shajara ya mradi: bango la maisha na ndoa ya Binti Mfalme Hexiao, 1775–1823

Kazi yenyewe

Bango ni moja, ukubwa wa A1, na nyuma yake kuna faili la data ambalo yeyote anaweza kulipakua na kulikagua. Mada ni Hexiao, binti wa kumi na wa mwisho wa Kaizari Qianlong wa nasaba ya Qing, mke wa Fengšeninde na mkazamwana wa Heshen, waziri aliyekuwa na nguvu kuliko wote Beijing miaka ile. Bango lina sehemu nne: mstari wa miaka, mti wa ukoo, hatua za harusi na ramani ya nyumba aliyokaa.

Amechaguliwa yeye badala ya dada zake kwa sababu moja ya kikazi. Ndoa yake imeandikwa na watu wa pande tatu ambao hawakukaa meza moja: makarani wa ikulu, wajumbe wa Korea waliokwenda Beijing kila mwaka kutoa heshima, na Wamanchu (watu wa kabila la kaizari) wa tabaka la juu walioandika kumbukumbu zao baadaye. Mabinti wengi wa Aisin Gioro, ukoo wa kaizari, wana mistari mitatu tu: kuzaliwa, kuolewa, kufa. Kwa mistari mitatu huwezi kulinganisha chochote na chochote.

Faili la data

Kila mstari ni tukio moja. Safu ni tisa: tarehe ya Kichina kama ilivyoandikwa, tarehe ya Gregori, umri wa Kichina, umri wa miaka kamili, tukio, wahusika, mwandishi wa kwanza, daraja la uhakika, na alama ya K au T.

Daraja ni nne. A ni amri na kumbukumbu za ikulu. B ni wageni walioandika wakati uleule. C ni kumbukumbu za watu binafsi waliowafahamu wahusika au waliosikia kwa waliowafahamu. D ni hadithi isiyo na mwenyewe. D haipandi kwenye bango hata iwe tamu namna gani.

K na T zimeokoa ugomvi mwingi. K ni kanuni, yaani jambo ambalo sheria ya ikulu iliagiza lifanywe kwenye ndoa ya binti mfalme. T ni tukio, yaani jambo ambalo mtu aliandika kwamba lilifanyika kwa Hexiao. Maelezo mengi ya harusi za Qing huchukua kanuni na kuisimulia kana kwamba mwandishi alikuwepo getini. Kanuni haithibitishi kuwa siku hiyo ngamia alifika.

Mambo mawili ya kompyuta huharibu kazi kama hii, na yote yana tiba rahisi.

La kwanza ni tarehe. Excel haitambui tarehe yoyote iliyo kabla ya 1 Januari 1900. Ukiingiza ya 1790 inaiacha kama maandishi, lakini ile ya 2008, mwaka nyumba ilipofunguliwa yote kama makumbusho, inaigeuza kuwa namba. Ukipanga safu kwa mfuatano, namba hutangulia maandishi, na 2008 inakaa juu ya 1775. Tiba: ifanye safu nzima kuwa ya maandishi kabla ya kuandika chochote, kisha andika mwaka, mwezi, siku, kwa mtindo wa 1790-01-12. Hapo mfuatano wa herufi na mfuatano wa wakati ni kitu kimoja.

La pili ni herufi š. Faili la CSV (jedwali la maandishi matupu) likihifadhiwa kwa UTF-8, usimbaji unaobeba herufi za lugha zote, halafu likafunguliwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, Fengšeninde anakuwa FengÅ¡eninde. Usilibofye faili mara mbili; liingize kupitia menyu ya data na uchague UTF-8 mwenyewe. Vinginevyo mtu atasahihisha kwa mkono katika mistari michache, ataacha mingine, na programu ya kuchora mti itahesabu waume wawili.

Kalenda

Hapa ndipo jedwali nyingi za maisha ya watu wa Qing zinapoanguka.

Kumbukumbu zinasema harusi ilikuwa mwaka wa 54 wa utawala wa Qianlong, mwezi wa 11, siku ya 27. Mwaka wa 54 kwa kawaida huandikwa "1789", na ndiyo maana kuna maandishi yanayoweka harusi 1789, mengine hata Novemba 27 ya mwaka huo. Hesabu yake iko hivi:

Anza na mwaka mpya unaofuata. Mwaka wa 55 ulianza 14 Februari 1790. Mwezi wa 12 uliotangulia ulikuwa na siku 30, kwa hiyo ulianza 15 Januari. Mwezi wa 11 ulikuwa na siku 29, ukaanza 17 Desemba 1789. Siku ya 27 ya mwezi huo ni 12 Januari 1790. Kwa kuhakiki, hesabu kwenda mbele: kutoka 12 Januari hadi 14 Februari ni siku 33, sawa na siku zilizobaki kwa kalenda ya Kichina.

Kwa mtu aliyezoea kalenda ya Hijria kazi si ngeni, maana miezi ya pande zote mbili hufuata mwezi mwandamo. Tofauti ni kwamba Wachina huongeza mwezi wa 13 kila baada ya miaka miwili au mitatu ili mwaka usiachane na majira. Mwaka wa 54 ulikuwa na nyongeza hiyo, siku 384 kwa jumla. Anayegeuza tarehe kwa kugawanya siku za mwaka kwa 12 atatoka nje ya njia.

Umri nao una safu mbili kwa sababu maalumu. Kwa hesabu ya Kichina mtoto ana mwaka mmoja siku anayozaliwa, na huongezewa mwingine kila mwaka mpya, si kila siku ya kuzaliwa. Hexiao alizaliwa siku ya tatu ya mwaka mpya, 2 Februari 1775, kwa hiyo kwake tofauti karibu daima ni mwaka mmoja tu. Kwa baba yake, mzaliwa wa Septemba 1711, tofauti hufika miwili: binti huyu alipozaliwa, Qianlong alikuwa na 65 kwa hesabu ya Kichina na 63 kwa yetu. Siku ya harusi bi harusi alikuwa na 15 kwa Kichina. Kwa miaka kamili alikuwa na 14, zimebaki wiki tatu atimize 15. Fengšeninde alikuwa rika lake, naye mzaliwa wa 1775.

Hali: tarehe zote zenye siku zimegeuzwa na kuhakikiwa mbele na nyuma. Zenye mwaka tu zimeachwa na mwaka tu. Programu isiruhusiwe kujaza "01-01" pale pasipo na siku, kwa sababu msomaji ataiamini.

Mti wa ukoo

Qianlong alizaa mabinti kumi, watano wakafika utu uzima. Kwenye bango hawa watano wana visanduku kamili. Waliofariki utotoni wana alama ndogo yenye namba yao ya kuzaliwa, ili namba ya kumi ieleweke ilikotoka.

Binti wa tatu, Hejing, aliolewa 1747 na Septeng Baljur, Mmongolia wa Khorchin. Wa nne, Hejia, 1760, na Fulong'an, mtoto wa Fuheng. Wa saba, Hejing, 1770, na Lhavang Dorji wa Khalkha. Wa tisa, Heke, 1772, na Jalantai, mtoto wa jenerali Zhaohui. Wa kumi ni Hexiao.

Angalia wa tatu na wa saba. Kwa herufi za Kichina majina yao ni tofauti (和敬 na 和靜), ila kwa herufi za Kilatini yanaangukia pamoja: Hejing na Hejing, wote mabinti wa baba mmoja, wote wameolewa na Wamongolia. Programu ya nasaba ikiona hivyo huwaunganisha bila kuuliza, na unapata mwanamke mmoja aliyezaliwa 1731, akafa 1775, kisha akafa tena 1792. Kila binti apewe kitambulisho cha namba (Q03, Q07, Q10), na jina libaki kuwa lebo tu.

Mama yake Hexiao, wa ukoo wa Wang, ndiye binti wa kamanda Sige, na cheo chake ndani ya ikulu kilikuwa *fei*, yaani mke wa kaizari aliye ngazi kadhaa chini ya malkia. Mwaka 1778 alimpiga kijakazi hadi akafa. Alishushwa hadi *pin*, wazazi wa marehemu wakalipwa taeli 100 za fedha (taeli ni kipimo cha uzito cha Kichina), na Qianlong akasema wazi kwenye amri yake kwamba adhabu imepunguzwa kwa ajili ya binti wa kumi. Baadaye akarudishiwa cheo. Mstari huu ni daraja A, na umewekwa juu kabisa ya bango, kwa sababu unaonyesha uzito wa mtoto mwenye miaka mitatu ndani ya nyumba ile. Mwaka aliozaliwa, 1775, Qianlong alimpoteza binti wa saba, na muda mfupi baadaye mama wa huyo binti, ambaye pia ndiye mama wa kaizari ajaye, Jiaqing. Mtoto wa uzeeni aliingia nyumba yenye matanga.

Upande wa mume, tahadhari moja: Niohuru ni ukoo wake, lakini Wamanchu hawakutanguliza ukoo mbele ya jina. Wanaoandika "Feng" kwenye safu ya jina la ukoo wamekata jina moja katikati. Fengšeninde ni jina zima, alilopewa na Qianlong mwenyewe alipomposea binti yake mwaka 1780. Wote wawili walikuwa na miaka mitano.

Cheo

Kanuni ya Qing ilikuwa na ngazi mbili kwa binti wa kaizari. Aliyezaliwa na malkia ni Gurun. Aliyezaliwa na mke mwingine ni Hošoi. Mume wa yeyote kati yao huitwa *efu*. Hexiao, mtoto wa *fei*, alistahili kuwa Hošoi. Mwaka 1787 baba yake akamfanya Gurun, na akamruhusu pia kupanda machela yenye kilele cha dhahabu.

Tofauti inaonekana kwenye mshahara. Gurun aliyeolewa kwenda Mongolia alilipwa taeli 1,000 kwa mwaka na majora 30 ya hariri; Gurun wa Beijing taeli 400 na mchele. Hošoi wa Mongolia taeli 400 na majora 15. Wa Beijing taeli 300 na mchele. Kwa hesabu ya gramu 37.3 kwa taeli, Gurun wa Beijing alipata karibu kilo 15 za fedha, na wa Mongolia zaidi ya kilo 37. Umbali ulilipiwa.

Kisha Qianlong akavunja na hilo. Aliamuru Hexiao, ingawa anakaa Beijing, alipwe kwa kanuni ya walioolewa nje. Kwenye jedwali mstari huo una K na T kwa pamoja, na pengo kati ya K (400) na T (1,000) limechorwa kwa nguzo mbili. Hiyo ndiyo picha inayomweleza msomaji nafasi ya binti huyu bila maneno mengi.

Posa hadi siku ya tisa

Sehemu hii imechukua nafasi kubwa kuliko zote kwenye bango, na inastahili. Tumeongeza safu ya mwelekeo, kutoka kwa nani kwenda kwa nani, kwa sababu mali ilisafiri pande zote mbili na msomaji asipoonyeshwa mshale atadhani zawadi zote ni mahari.

Hatua ya kwanza ni kutajwa kwa mchumba. Kwa kanuni, *efu* huja lango la Qianqing amevaa joho la joka, anapiga magoti upande wa mashariki akielekea kaskazini. Ofisa amesimama akielekea magharibi, anatangaza kwamba binti fulani amechaguliwa kwa ajili ya fulani. Anakubali, anashukuru, anaondoka. Hakuna mahali pa kujibu hapana. Uchumba wa watoto hawa wawili, wa 1780, uliamuliwa na kaizari.

Ya pili ni zawadi ya tisa moja, yaani seti moja ya tisa. Familia ya mume hupeleka kwenye lango la Wu, lango kuu la kusini la ikulu, ngamia, farasi, kondoo, pombe na meza za chakula. Tisa ni namba ya heshima kwa Wamanchu na Wamongolia, na ndiyo inayoendesha harusi nzima. Mshale: Heshen kwenda ikulu.

Siku moja kabla ya harusi mshale hugeuka. Watu wa idara ya ikulu husindikiza vyombo vya bi harusi hadi nyumba ya mume, na wanawake waliopewa kazi hiyo huvipanga na kutandika chumba. Orodha ya vitu vya Hexiao inaanza na kilele cha kofia ya ikulu cha yakuti nyekundu kilichozungushiwa lulu kubwa kumi, kisha feniksi watano wa dhahabu waliopachikwa lulu. Lulu hizo ni zile za mito ya Manchuria, zilizolindwa kisheria kwa matumizi ya ikulu. Mchoraji akiziweka rangi nyeupe ya maziwa kama lulu za bahari atakuwa ameshusha daraja la vazi zima.

Siku yenyewe, familia ya mume huleta zawadi ya tisa mara tisa, vitu 81, wakiwemo farasi wenye matandiko na deraya. Saa njema ikifika, bi harusi hupita kwa wakubwa wa nyumba kuaga, huingizwa kwenye machela, pazia linashushwa, na taa na mienge hutangulia njia. Wake za wakubwa hufuata kwa machela zao. Kwa mume hufanyika ibada ya kunywa vikombe viwili pamoja.

Hayo ni K. T yake inatoka kwa Wakorea, na ndiyo mistari yenye thamani kubwa kuliko yote kwenye faili. Kumbukumbu za utawala wa Mfalme Jeongjo wa Korea zinasema vyombo vya bi harusi huyu vilizidi mara kumi vile vya ndoa ya Fulong'an. Kwamba tarehe 27 kaizari alitoa taeli 300,000 kutoka hazina. Na kwamba maofisa kwa mamia walisimama mbele ya machela ya bi harusi na zawadi mikononi, hata Agui, mzee aliyekuwa juu ya mawaziri wote, hakuweza kukwepa. Taeli 300,000 ni zaidi ya tani 11 za fedha.

Angalia tarehe kwenye habari hiyo. Wageni wasio na sababu ya kulipamba jambo wanataja siku ya 27, ileile ya kumbukumbu za ikulu. Ndipo harusi ikapanda kutoka A peke yake hadi A na B.

Siku ya tisa baada ya ndoa, kwa kanuni, wawili hurudi ikulu kutoa shukrani: binti huingia ndani, mume hufanya heshima zake nje ya malango. Msomaji wa pwani atafikiria fungate, na si mbaya, mradi akumbuke kwamba hapa wanaohesabu siku ni ikulu.

Kipengele kimoja hupotoshwa sana kwenye michoro ya harusi hizi. Baba na mama wa mume walitakiwa kumpigia magoti mkazamwana wao, na mume vilevile, maana cheo cha Gurun kililingana na cha mwanamfalme wa ngazi ya kwanza. Kanuni hiyo ilifutwa 1841, miaka 18 baada ya kifo cha Hexiao. Maana yake, 1790, Heshen, ambaye nusu ya ikulu ilimwogopa, kisheria alikuwa chini ya msichana wa miaka 14 ndani ya ua wake mwenyewe. Mchoro unaomwonyesha bi harusi akimwinamia bavyaa ni wa harusi ya kawaida ya Kihan, yaani ya Wachina walio wengi wasio Wamanchu, usitumike.

Michoro ya mavazi

Picha nyingi zinazopatikana kwa kutafuta "binti mfalme wa Kimanchu" ni za mwisho wa karne ya 19. Lile taji pana jeusi la kitambaa, lenye ua katikati na kishada kikining'inia pembeni, halikuwapo 1790. Likionekana, picha inatoka. Vitu vya kukagua kwa haraka: vipuli vitatu kwa kila sikio, miguu isiyofungwa, na kwa vazi kamili la ikulu, mikufu mitatu ya shanga 108 kila mmoja. Kitambaa chekundu usoni na kofia ya feniksi ya maharusi wa Kihan havimhusu.

Hali: mchoraji amepewa orodha hii na picha za nguo zenyewe za karne ya 18. Picha za wanawake wa ikulu zisizo na jina hazitapewa jina la Hexiao kwa kubahatisha.

Nyumba

Nyumba ya Heshen iko karibu na maziwa ya Shichahai, Beijing, na leo inajulikana kama Kasri la Mwanamfalme Gong. Ramani ni moja, ila ina tabaka tatu za rangi: hadi 1799, Heshen, 1799 hadi 1823, Yonglin na warithi wake pamoja na Hexiao, kuanzia miaka ya mwanzo ya 1850, Yixin, yaani huyo Mwanamfalme Gong. Bila tabaka, mgeni husoma bamba la jina la ukumbi na kudhani liliwekwa na Heshen. Ukumbi wa Xijinzhai, kwa mfano, una jina la baadaye, lakini kuta zake za ndani za mbao za *nanmu* ni za Heshen, na ndizo zilizomtia hatiani: kosa la 13 kati ya makosa yake 20 lilikuwa kujenga kwa mbao hizo akiiga kasri la Ningshou la ikulu.

1799 na baada yake

Qianlong alifariki 7 Februari 1799. Tarehe 22 Februari, siku 15 baadaye, Heshen alipelekewa kamba ya hariri ajinyonge. Hukumu ya kwanza ilikuwa kukatwakatwa. Hexiao alikuwa mmoja wa waliomwombea ipunguzwe. Mali ikataifishwa, nyumba akapewa Yonglin, ndugu wa Jiaqing, isipokuwa sehemu aliyoachiwa Hexiao na mumewe. Fengšeninde hakuuawa. Katika jedwali, mistari minne ya wiki hizo mbili imepangwa kwa siku, si kwa mwezi, kwa sababu mwendo wake ndio habari.

Zhaolian, mtu wa ukoo wa kifalme aliyekuwa rika lao, ameacha habari ambazo zote tumezipa daraja C: kwamba Hexiao alivuta upinde mgumu na kuvaa kama mvulana, kwamba baba yake alisema angekuwa mwanamume angemrithisha kiti, kwamba alimwonya mumewe mapema kuwa rushwa za baba yake zitawaangusha wote. Zinapanda kwenye bango zikiwa na herufi C pembeni. Ile ya onyo iliandikwa na mtu aliyekwisha kujua mwisho wa Heshen, na msomaji anapaswa kuliona hilo bila kusumbuka.

Mwaka 1803 msimamizi wa nyumba ya binti mfalme mwenyewe alimshtaki Fengšeninde. Tuhuma za njama zilionekana hazina msingi. Lililothibitika ni kwamba suria alizaa naye mtoto ndani ya kipindi cha matanga ya Qianlong, na kwa hilo akavuliwa cheo. Mwaka 1806 alipewa kazi Uliastai, Mongolia. 1810 akarudi mgonjwa na kufariki. Hexiao aliishi mjane miaka 13, bila mtoto aliyebaki hai, hadi 13 Oktoba 1823, enzi ya mpwa wake Daoguang. Alikuwa na miaka 48 kamili, 49 kwa Kichina. Ikulu ilikuwa na kaizari wa tatu tangu azaliwe, na yeye bado alikuwa anaishi ua uleule.

Vilivyobaki nje

Utajiri wa Heshen: takwimu za taeli milioni 800 na zaidi hazina orodha ya ukaguzi iliyokamilika nyuma yake. Nje.

Yaya wa ikulu waliodaiwa kuwazuia mabinti wafalme wasikutane na waume zao mpaka wahongwe: habari inasimuliwa kwa jumla, bila binti, mwaka wala nyumba. Ni D, hata kama kila makala inaipenda. Nje.

Theluji: mume anacheza na theluji uani, mke anamkemea kuwa ameshakuwa mtu mzima, anapiga magoti, wanaingia ndani kusoma mashairi. Daraja C, na imebaki kwenye faili tu, kwani bango limejaa.

Uchapaji

A1 inasomeka yote kwa umbali wa mita moja. Ikipunguzwa hadi A3, mstari wa miaka na hatua za harusi zinabaki wazi, lakini herufi za Kichina za Hejing wawili kwenye mti wa ukoo zinashikana na hazitofautiani tena. Toleo la A3 litachapwa bila mti, na mti utakuwa karatasi ya pili.